Zamu ya Pili ya Chakula

4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limekubali kukunjika. Mama namwamkia sana, mwambie blanketi alilonipa linafanya kazi yake. Mimi sijambo, ila masikio yanavuma kwa kelele za mashine, kwa hiyo sasa familia ina viziwi wawili. Ndiyo maana sipigi simu: wewe hunisikii, na mimi nikitoka kazini sijisikii mwenyewe. Bora hivi, dereva wa lori la sabuni atuchukulie karatasi.

Umeuliza kazi ikoje. Tunafua shuka za hoteli na za hospitali, mlima ukiisha unaletwa mwingine. Mimi niko kwenye pasi kubwa. Ni meza ndefu yenye kifuniko cha chuma cha moto. Mmoja anatandaza shuka na kuinyoosha kwa viganja, mwenzake upande wa pili anakanyaga pedali na kifuniko kinashuka. Kabla hajakanyaga lazima aite, "Toa!" Ukisikia hivyo unaondoa mikono. Mimi ndiye wa kutandaza. Wa pedali ni mama mmoja tunamwita Mama Pacha.

Dada niliyeshika nafasi yake aliondoka bila vidole viwili, na siku hiyo pia aliyekanyaga alikuwa Mama Pacha. Yeye anasema aliita. Wengine wanasema yule dada alikuwa anapeleka maneno ofisini, na mpeleka maneno hapa haitiwi. Wanasema huku wanacheka. Sijui kama ni utani.

Lakini shida yangu ni ya tumbo, Baba. Pasi ikiwa na moto haiachwi peke yake, kwa hiyo tunakula kwa zamu. Mama Pacha anatoka saa sita mpaka sita na nusu, mimi sita na nusu mpaka saba. Kengele ikilia anatoka getini mbio, anarudi saa saba kasoro dakika kumi, siku nyingine kasoro tano. Hasemi hata pole. Anakaza kilemba, anashika nafasi yake. Mimi nakula nimesimama, chakula nakisukuma kwa maji kama nameza vidonge. Huu mwezi wa tatu. Nimenuna mpaka midomo imechoka, wala haoni. Nifanye nini?

Wako,
Kitindamimba

11 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba, tena mara mia. Sisi wazima. Goti linakunjika likitaka lenyewe, amri yangu halipokei. Mama yako anauliza kama unakula. Nilipomsomea barua yako niliruka hapo pa chakula, na hapo pa vidole nikaparuka pia, basi ukija kusalimia usiniumbue.

Mwanangu, mtu aliyenuna hasomeki. Najua hutamwambia huyo mama usoni, uoga huo umeutoa kwangu. Basi andika. Hapa mtaani nimewaandikia watu barua miaka thelathini, za posa, za msiba, za kumlalamikia mwenye nyumba, na hakuna aliyerudi kunilaumu. Huko kwenu hakukosi sanduku la maoni. Eleza saa na dakika bila matusi. Jina lako usitie. Na anza kwa salamu, tafadhali, hata kama unamshtaki mtu. Mimi barua isiyojulia hali huwa siimalizi kusoma.

Usiogope. Nani atajua?

Ni mimi,
Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mimi mwili mzima, lakini naogopa. Naogopa mpaka kijiko kinagonga meno.

Niliandika, ukurasa mzima. "Shikamoo mheshimiwa meneja. Natumaini u mzima wewe na familia yako, na kazi za ofisini zinakwenda vizuri. Mimi hali yangu ni njema, ila..." Hapo nikamtaja Mama Pacha, siku kwa siku, dakika kwa dakika. Mwishoni, kwa mazoea tu, nikaweka, "Nisalimie wote hapo ofisini. Ni mimi mwanao katika kazi." Jina sikutia. Jumatatu nikaitumbukiza sandukuni.

Alhamisi nikaikuta imebandikwa ukutani, chumba cha kulia. Meneja amezungushia wino mwekundu pale penye dakika, na chini yake ameandika amri. Kuanzia siku hiyo pasi zote zinazimwa saa sita, watu wote wanakula pamoja kwa dakika ishirini, geti linatiwa kufuli na hatoki mtu. Thelathini za watu wote zimekuwa ishirini, kwa sababu yangu.

Watu wakajaa pale ukutani. Dada wa kukunja taulo akaisoma kwa madaha, "Natumaini u mzima wewe na familia yako!" wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Kicheko kilipokwisha fundi wa mitambo akasema, "Huyu mwenye adabu zake tutampata tu. Mwandiko haujifichi." Tangu hapo siandiki kitu mbele ya mtu. Kwenye daftari la kuingia natia herufi kubwakubwa kama mtoto wa chekechea.

Siku ya tatu ya kufuli Mama Pacha aliruka ukuta nyuma ya chumba cha mvuke. Mlinzi alimkamata akiruka kurudi. Amesimamishwa, na asipoleta maelezo kwa maandishi ndani ya wiki tatu, kazi hana. Pedali sasa anakanyaga dada wa taulo. Anaita, lakini akichelewa kidogo tu kufungua mdomo, navuta mikono kabla hajaita. Siku wakijua, Baba, nani ataniitia? Nijibu upesi.

Wako,
Kitindamimba

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako hajui kitu na asijue.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuambia usalimie. Miaka yote hii ya kuandika sikuwahi kufikiri kwamba salamu inaweza kumtoa mtu hadharani kuliko jina lake. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, miwani inalowa, naifuta, inalowa tena.

Sasa nisikilize. Barua zangu zichome. Usikiri kwa mtu, hata rafiki. Usiandike chochote, hata orodha ya sabuni, wakikuomba sema umeteguka kidole. Omba wakuhamishie kwenye taulo, huko hakuna chuma. Na huyo mama usimkaribie kabisa. Umenisikia?

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Hali zenu? Mimi bado nina vidole kumi.

Sikumkaribia, alinikaribia yeye. Jumamosi alinisubiri nje ya geti. Nilitaka kutimua mbio, akanishika hapa juu ya kiwiko. "Wewe binti, nakuonaga ukimpa dereva wa sabuni barua," akasema. "Mimi shule iliniacha njiani. Twende ukaniandikie hayo maelezo yao."

Nikamwambia nimeteguka kidole. Akakitazama. "Kitapona tukifika."

Anakaa mtaa wa pili tu, chumba kimoja chenye pazia katikati. Wanawe pacha walikuwa sakafuni wanafanya hesabu za shule. Nyuma ya pazia amelala mama yake mzazi. Tangu mwaka juzi upande mmoja wa mwili umekufa na hasemi. Akilala ubavu mmoja kutwa nzima ngozi inachubuka, kwa hiyo mchana lazima ageuzwe. Mama Pacha hamwezi peke yake, mgonjwa ni mzito. Anayemsaidia ni jirani, fundi cherehani, naye haachii cherehani yake mpaka saa sita na nusu.

Ndizo dakika zenyewe hizo, Baba. Alikuwa anamsubiri fundi cherehani. Nilizihesabu zote miezi mitatu na sikuuliza hata moja inakwenda wapi.

Geti lilipofungwa, mgonjwa alikaa siku mbili bila kugeuzwa mchana. Siku ya tatu ndiyo mwanawe akaruka ukuta. Alinifunulia kidonda nyongani, kina upana wa kizibo cha chupa. Nikaona aibu mpaka nikashindwa kukaa kwenye kigoda alichonipa. Akaniuliza, "Unaogopa wagonjwa?" Nikasema ndiyo.

Maelezo yanatakiwa Ijumaa hii. Nikiyaandika, yatawekwa kando ya ile ya ukutani na nitajulikana hapohapo. Mkono wa kushoto nimejaribu, unatoa nyayo za kuku. Wengine kazini hawataki hata kuonekana naye. Na ofisi isipoona karatasi yake, amekwisha, yeye, wanawe na aliye nyuma ya pazia. Nimemwambia nitarudi Alhamisi, kidole kikipona. Najua jibu lako halitawahi. Nimeandika ili pawe na mtu mmoja anayejua.

Wako,
Kitindamimba

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usiandike. Kama umeshaandika, acha kila kitu urudi nyumbani. Namwonea huruma huyo mama, Mungu anajua, lakini sikukuzaa ili mikono yako iliwe na chuma. Panda hilohilo lori la sabuni.

Baba

6 Aprili

Mwanangu,

Dereva amefika leo. Nilikuwa nimesimama barabarani tangu saa moja, goti na yote. Nikamwona anatikisa kichwa kabla hata hajazima gari. Anasema hajakuona getini mara mbili mfululizo, na mlinzi alipoulizwa habari zako akageuza uso.

Nimemwambia mama yako kila kitu. Nilidhani atalia. Alinitazama tu, akauliza, "Na wewe ndiye uliyemwambia aandike?" Tangu hapo hatusemi sana humu ndani.

Kama mkono unauma, mwombe mtu akuandikie. Mstari mmoja unatosha. Hata usiponisalimia nitaupokea.

Baba yako

15 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama. Nisameheni nyote wawili. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua kama nitabaki na mkono wa kuandikia. Hata dereva nilikuwa namkwepa, nikiona lori najificha kwenye masanduku ya taulo, barua zako nikazichukua baadaye kwa mlinzi.

Alhamisi ile nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilimkuta ameinama juu ya mama yake, mikono imeshika bega, nikabaki na haya tu: "Ile ya ukutani niliandika mimi."

Hakugeuka. Nilisikia penseli za wale pacha zimesimama. Nikawa natazama mlango, napima hatua. Kisha akasema, "Shika miguu." Nikashika. Tukamgeuza, tukaweka mto mgongoni, akamfunika vizuri. Akakaa kitandani, akanitazama.

"Ungeniuliza," akasema.

"Na wewe ungeniambia."

"Mambo ya nyumbani kwangu nikuambie wewe uliyenuna miezi mitatu?" Akafuta mikono kwa kanga. "Yule wa vidole nilimwita, hakusikia. Watu waseme watakavyo. Sasa andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu uleule. Nilieleza habari ya mgonjwa na ya fundi cherehani, na chini nikaongeza kwamba barua ya kwanza ilikuwa yangu, kwamba nilimshtaki mtu bila kumuuliza. Safari hii nikatia jina. Nikamsomea yote, akakandamiza dole gumba.

Ijumaa meneja alituita wote wawili. Alizisoma zote mbili, akatazama mwandiko, akatutazama. Mimi kanipa onyo la maandishi. Mama Pacha amerudishwa kwa onyo la mwisho, na saa sita mlinzi amwachie apite, lakini ndani ya zile dakika ishirini. Za wengine hazikurudi thelathini. Ile ya ukutani ameiacha palepale, na sasa kila mtu anajua ni ya nani. Nikikaa kula, benchi linabaki langu peke yangu. Hakuna aliyenigusa. Hakuna anayesema nami pia, na hilo ndilo linalonitisha.

Wiki mbili Mama Pacha walimweka kwenye mashine za kufua, saa sita akihangaika na mgonjwa peke yake, mimi nikawa nabeba vikapu. Jana waliturudisha kwenye pasi, yeye upande wake, mimi wangu. Chumba kizima kikapunguza kasi ya mikono ili kututazama. Nilitandaza shuka ya kwanza nikanyoosha kingo tu, viganja vilikataa kwenda mbele. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali.

"Katikati kuna mkunjo," akasema.

Nilimtazama usoni, sikuona kitu, si wema wala ubaya. Nikafikiria mambo mengi, Baba, nikakufikiria wewe na miwani yako. Nikapeleka mikono yote miwili katikati, nikanyoosha ule mkunjo.

"Toa!"

Aliita kwa ukali, kama anayemfukuza mtu nyumbani kwake, mpaka dada wa taulo akashtuka. Nilitoa mikono na kifuniko kikashuka. Aliita hivyohivyo siku nzima, shuka baada ya shuka, na ukali haukupungua.

Saa sita kengele ilipolia nilimfuata hadi getini. Mlinzi akasita, Mama Pacha akamwambia, "Huyu ni wa miguu." Akatuachia. Fundi cherehani hatukumsubiri, tukamgeuza mgonjwa wenyewe, chakula nikakila njiani nikikimbia nyuma yake, na pasi zilipowashwa tulikuwa mahali petu. Sidhani kama amenisamehe, na sijathubutu kuuliza.

Kurudi nyumbani sasa siwezi, usinikasirikie. Miguu ya yule mama haina mwingine wa kuishika saa sita. Mwambie Mama nakula kidogo lakini nakula. Bado naogopa, Baba. Kila shuka naogopa, na kila shuka ananiitia.

Wako,
Kitindamimba