Stima Ikirudi, Ngoja Itulie

Nekesa,

Kwanza usinicheke. Najua ungesema, "We mtoto wa landilodi, hiyo barua ya karatasi utaituma na nani?" Situmi na mtu. Nimekaa kibarazani kwa mamangu hapa Makina, Kibera, wapangaji wanapita na mitungi yao ya maji wananisalimia, nami nakuandikia wewe uliyelala Bungoma tangu mvua zile kubwa. Nina habari yako. Nimeshawaambia watu wengine, wakaitikia vizuri, lakini hakuna aliyenirukia shingoni kama ambavyo ungenirukia wewe, kwa hiyo nahisi kama bado sijaisema.

Nianze na ya nyumbani. Mdogo wako Naliaka amerudi shule. Anavaa ile sweta yako ya kijani, mikono imemzidi, na ukimwambia aikunje anakununia siku nzima. Mama yako bado anauza mboga pale Kawangware karibu na steji ya Arubaini na Sita. Anachambua mrenda huku akizungumza na kila apitaye, ila siku hizi hunyamaza katikati ya maneno na inabidi umkumbushe alikokuwa amefika. Mimi nilikonda, kisha nikanenepa tena, maana mamangu hakubali msiba umwachie mifupa. Kazini kwetu, maabarani, kile kigoda chako kirefu hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza. Ni vile tu kila mtu akija anavuta kingine.

Nimekukumbuka, Nekesa. Nilitaka kuanza na hilo nikaona haya.

Baada ya kukuzika kulikuwa na maneno Kawangware. Unaujua mtaa wenu. Jirani mmoja, sitamtaja ingawa tayari unamjua, alimwambia mama yako kwamba ni mionzi ya kazini iliyokumaliza. Selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ulizaliwa nayo. Ploti nzima ilizijua siku zako za maumivu, yeye mwenyewe alishakukanda miguu, lakini neno nyuklia likishaingia mdomoni mwa mtu halitoki bila kuharibu kitu. Mama yako hakubishana naye. Aliniita mimi.

Basi nikaenda, nikakaa kwenye kile kibao chake cha mboga, nikamweleza. Nikamwambia mtambo wetu hauna hata punje ya urani. Ni mabomba, tangi, maji, na hita inayojifanya kuwa moyo wa kinu. Nikamweleza kwamba kinu cha nyuklia hata ukikizima hubaki na joto lake, kama sufuria ya maharagwe uliyoiepua na bado yanatokota, na joto hilo lazima liondolewe kwa maji. Hatari inakuja umeme ukipotea, pampu zikasimama na maji yakaacha kuzunguka. Sasa watu wanabuni vinu vipya, vidogo, ambavyo maji yake yanajizungusha yenyewe: ya moto yanapanda, yaliyopoa yanashuka, bila pampu wala stima. Lakini lazima mtu ayajaribu kabla ya kuyaamini. Ndiyo maana maabara za nchi kadhaa zimejenga mitambo inayofanana na wetu, kila moja inafanya jaribio lile lile, kisha tunalinganisha, kwa sababu kinu kikiharibika kwa mmoja upepo unawapelekea wote mionzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Sasa hiyo kazi yake ilifika wapi?"

Nikatazama mrenda. Wiki hiyo hiyo kazi yako ilikuwa imefutwa. Nilimwambia hivyo tu, kwamba imeondolewa, na kwamba nitafuatilia. Hakuuliza zaidi. Alinifungia mboga nipelekee mamangu.

Unakumbuka mara ya kwanza nilipokuja kwenu? Stima ilipotea tukiwa tunakula, na mama yako kabla hajatafuta hata mshumaa akapaza sauti, chomoeni friji, chomoeni TV. Taa zikarudi, nami mgeni mwenye heshima nikainuka nichomeke. Ukanishika mkono.

"Ngoja itulie."

Na kweli, ikaenda. Ikarudi. Ikaenda tena. Tukaendelea kula gizani kana kwamba hakuna kitu. Hata kwetu Makina ni hivyo hivyo, tunakaa tukiangalia taa za maghorofa ya Nyayo Highrise zinawaka ng'ambo huku sisi tukibahatisha kama yetu imerudi ya kukaa au ya kupita. Hakuna mtu wa mitaa yetu anayechomeka friji stima inaporudi mara ya kwanza. Hatukufundishwa shuleni, wala hatukuwahi kufikiri kuna watu duniani wasiojua.

Siku ile maabarani mimi nilikuwepo, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwepo. Tulikuwa tumemaliza jaribio tulilokubaliana na wenzetu wa nchi nyingine: unakata umeme mara moja, unaangalia kama maji yataanza kuzunguka yenyewe. Yalizunguka vizuri. Matokeo yetu yalifanana na ya wengine wote, Daktari Mutua, mkuu wetu, akafurahi, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeshavaa mkoba. Wewe ukakata umeme tena. Ukasubiri maji yaanze kutembea, ukaurudisha kidogo tu, pampu ikanguruma, ukaukata.

"Sasa hiyo ni nini unafanya?"

"Nafanya vile stima ya Kawangware hufanya."

Tulicheka mpaka nikavua mkoba. Kisha ukaacha kucheka kabla yangu, ukasogeza uso kwenye lile bomba la kioo. Maji yalikuwa yamesimama. Ile pampu iliyoamka kidogo ilikuwa imeyavuruga, na ilipozima hayakujua tena yaelekee wapi, na joto lilikuwa linapanda. Yalichukua muda mrefu kuanza upya, mrefu kuliko inavyofaa. Ukarudia. Yakasimama tena. Ukarudia tena na tena, huku umelibana goti lako kwenye kigoda, nami nikaona, nikakwambia twende nyumbani. Ukasema moja ya mwisho. Wewe na moja zako za mwisho.

Wiki iliyofuata ukalazwa. Ulitaka kuwaeleza wenzetu mwenyewe kwenye kikao, ulinikataza nisiseme kitu, ulitaka kuona nyuso zao. Kitandani ulikuwa bado unanikataza. Nikanyamaza kama ulivyotaka, nikijua utatoka. Hukutoka.

Niliporudi kutoka Bungoma nilikuta Daktari Mutua amepanga matokeo yetu na kuyatuma. Alikuwa ameuona mchoro wako, umeme unaenda, unarudi, unaenda, na akauelewa kama mtu yeyote wa Nairobi angeuelewa. Aliona stima imesumbua. Akaona aibu kidogo, akawaandikia wenzetu kwamba siku hiyo kulikuwa na hitilafu ya umeme, tunaomba radhi, sehemu hiyo iondolewe. Wakaiondoa kwa adabu na pole nyingi. Huko kwa Marta, yule mama wa maabara ya nchi za kaskazini, umeme ukikatika mara tatu kwa saa moja jengo zima litauliza nani ameugusa. Kwetu hakuna aliyeuliza. Tumezoea kiasi kwamba mkono wako ulipita hapo na tukaona ni stima tu.

Nilimwingilia ofisini bila kubisha hodi. Unanijua nikikasirika, nilisema mengine ambayo hayakuhusu. Daktari hakunikatiza. Huyu ni mtu aliyesimama kaburini kwako viatu vikiwa matopeni mpaka watu wote wakaondoka, nami nilikuwa namfokea. Nilipomaliza akavua miwani.

"Zena, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa namzika."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema siku ya kikao nitawaeleza mwenyewe, naye atakaa pembeni yangu aseme kwamba kosa la kuandika hitilafu ni lake. Na alifanya hivyo, Nekesa. Mbele ya nchi zote zile, mtu mzima na cheo chake. Nilimpenda siku hiyo.

Lakini hawakukubali, si moja kwa moja. Walisema jaribio lako halimo katika mpango. Mmoja akaeleza kwamba kwao umeme ukienda jenereta inachukua kazi, hakuna kwenda na kurudi. Mwingine akasema, kwa upole, kwamba kitu kilichoonekana kwenye mtambo mmoja huenda ni tatizo la mtambo huo. Hapo ndipo niliogopa. Mabomba yetu tulichomelewa na mafundi wa Kawangware, wewe ndiye uliyewasimamia ukiwapigia kelele. Nikawaza, itakuwaje kama ni bomba limepinda mahali? Itakuwaje nimwambie mama yako kwamba kilichobaki cha mwanawe ni bomba lililopinda?

Nikawauliza kama wana hakika ajali itafuata mpango wetu. Marta akasema hajui, na kwa kuwa hajui, atajaribu mwenyewe.

Wiki zilizofuata sikuwa mtu wa kuishi naye, muulize mamangu. Nilikuwa nikisali nikijikuta nimesahau niko rakaa ya ngapi. Naliaka akinipigia simu kunisalimia nilijibu kama polisi. Sikuwa nawaza vinu, nakwambia ukweli. Nilikuwa nawaza kwamba ulikuwa na nguvu kidogo sana mwaka huu na ulizimalizia pale kwenye kile kigoda, na kama ni bure basi afadhali ningekuburuta nyumbani.

Marta alinipigia mimi kwanza, kabla ya kuwaandikia wengine. Hakusalimu. Aliigeuza kamera ikatazama bomba lake la kioo, lililo safi kuliko letu, lisilojua Kawangware wala Kibera. Akakata umeme, akaurudisha, akaukata. Maji yakasimama.

Nililia, naye akasubiri. Baadaye akaniuliza jina lako linatamkwaje. Alilivuruga mara kadhaa, nikamsahihisha bila huruma mpaka likatoka sawa, kwa sababu nilijua atakuwa akilitaja mbele ya watu.

Sasa jaribio lako limeingia katika mpango. Kila maabara inalifanya. Wanaobuni vinu wameombwa waeleze pampu zao zinafanya nini umeme ukichezacheza, na tayari wazo lililo mezani ni kwamba pampu isiamke umeme unaporudi mara ya kwanza. Ingoje utulie. Nilipolisoma hilo kwa Kiingereza chao kirefu nilicheka peke yangu kama mwehu, Daktari Mutua akaja kuangalia kama niko salama.

Jumamosi nilibeba kompyuta mpaka kwa mama yako. Wenzetu walikuwa wameomba wamsalimie. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akapangusa kioo kwa ncha ya leso, akakaa wima. Wakamsalimia mmoja mmoja, nami nikitafsiri. Kisha akaniambia niwaulize jambo moja.

"Waulize, mtoto wangu aliharibu kitu?"

Nekesa, miezi hii yote. Niliposema kazi yako imeondolewa, yeye alisikia kwamba ulikosea, na akakaa nalo, akiuza mboga, bila kumwambia mtu. Nikawatafsiria. Marta alijibu polepole, mwambie hapana, mwambie sisi wote tulikuwa tumesahau kuuliza swali, yeye akauliza.

Mama yako hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei aliyokuwa akiitarajia. Akasema, "Waambie huyo alikuwa mbishi tangu tumboni." Nikawaambia. Walicheka wote, na kwa vile mtandao ulikuwa mzito kicheko kilifika kimoja kimoja, kutoka huku na kule, mpaka na sisi tukaanza upya. Nilipofunga kompyuta, jirani yule yule wa maneno ya mionzi alikuwa amesimama mlangoni akitaka kunde. Mama yako alimfungia, akamwambia hao waliokuwa wakicheka ni watu wa kazi ya Nekesa, kisha akaendelea kuchambua mboga, safari hii bila kunyamaza katikati.

Hiyo ndiyo habari yako. Mwezi ujao nakwenda kwa Marta kujenga naye mtambo mkubwa zaidi. Nitaona baridi ambayo tulikuwa tukiicheka, na hutakuwepo wa kunicheka nikitetemeka. Naliaka amekataa kunikopesha sweta.

Lala salama, mbishi wangu. Mungu wako na wangu, ambaye tulibishana mpaka tukakubaliana kwamba ni mmoja, akupumzishe mahali pasipo na maumivu yoyote. Nami nakuahidi jambo moja. Maadamu niko katika kazi hii, sitaondoa kazi ya mtu kabla ya kumuuliza alikuwa akifanya nini. Na kama mwenyewe hayupo tena, nitamtafuta aliyempenda nimuulize yeye.

Wako,
Zena