Kambale Ni Jina la Kila Nyumba

Beu, mu Beni

Mama yangu,

Kasereka, mutoto wako wa tatu, anakusalimia. Mugongo yako inaendelea namna gani? Na Tata, kikohozi kilimuacha? Miye mwili iko muzima, mais moyo hautulii. Barua hii Musa ataificha chini ya kiti ya camion yake ya chumvi. Katekista akimaliza kukusomea, muitie ku moto.

Najua munajiuliza ndugu yangu, yaya Kambale, alipotelea wapi na maharagi. Mama, alifika Beni. Alisukuma velo, gunia ku kiti ya nyuma, toka kwetu Kanyabayonga paka ku bariere ya hapa. Pale basoda ba kigeni balisoma jina ku karte yake, bakafungua liste, bakamufunga. Ku liste kulikuwa mutu mwenye kubebea batu ba pori risasi. Baliandika Kambale, basi.

Unajua kazi yangu: basoda banasema Kingereza, miye nageuza mu Swahili. Hicho Kingereza nilikiokota Kampala, mu garage ya batri, na neno ya kwanza ilikuwa chaji, kutia batri moto. Kisha ku soko nikasikia chaji ni bei. Ku dispensaire, pale banatibia bagonjwa, infirmier mukubwa njo in-chaji. Soda akipiga kelele chaji, ujue benzake banakimbilia adui. Na mu bureau ya commandant, chaji ni kosa yenye kukufunga. Ile neno inatembea sana, Mama. Kila asubui naogopa nisije nikaishusha pahali pabaya, mutu akafa juu ya ulimi wangu.

Ile asubui baliniita. Nikaingia, nikakuta yaya amekaa chini, mikono nyuma. Hakunisalimia, aliangalia tu miguu yangu. Alijua kama mutu wa kugeuza maneno akionekana na ndugu mu kifungo, bote babili banakwisha. Commandant akaniuliza kama namujua. Nikasema simujui.

Kisha nikajikaza. Nikamuambia: «Commandant, neno yenu chaji inafanya kazi ku batri, ku soko na hapa kwako. Kwetu Banande, Kambale iko vile vile. Mutoto mwanaume wa pili, nyumba yoyote, anaitwa Kambale.»

Akacheka kidogo. Akasimama ku mulango, akaita Kambale kwa sauti, kule batu banapanga mulolongo wa bariere. Banaume tisa baliitika. Mumoja alikuwa muzee wa fimbo, mwengine alikumbatia kuku. Commandant akabahesabu na kidole, akarudi kwangu polepole. Ule mutu si mujinga.

«Na weye uko wa ngapi?»

Wa tatu, nikasema, Kasereka.

«Basi, wa pili wa kwenu iko wapi?»

Mama, macho niliacha ku commandant. Yaya alikuwa hatua mbili na miye, na Kingereza haijui. Nikajibu: «Alikufa.»

Commandant akaniangalia mingi. Kisha akasema bamufungue ule wa maharagi. Gunia na velo balibakisha.

Kambale akatoka bila kunigeukia. Anarudi kwa muguu, njia ya mashamba, kwani jina ingali ku liste na bariere ni mingi. Leo ni siku ya nne. Mwanamuke wa soko alimuona Kalunguta siku ya kwanza, akikula muhindi ya kuchoma. Butembo, kule kunafuata, hakuna mutu mwenye kumuona.

Sikumuambia nilisema nini. Weye mwenyewe ulitufundisha kama mutu haiti kifo juu ya ndugu muzima, na siku nilifanya vile ulinipiga ku mudomo. Sasa nimemuzika yaya wangu kwa kinywa, na yeye iko peke mu njia. Nilitaka kumuokoa, Mama, mais naogopa.

Unisalimie Tata, na yaya Mumbere mukubwa wetu, na dada Masika na batoto bake. Muke wa Kambale musimuambie bado. Katekista naye, aksanti, wasingya, kwa kazi ya kusoma.

Akifika, musiandike kitu, barua zinafunguliwa. Umupe tu Musa kikombe moja ya maharagi ya kwetu, aniletee. Kila camion yake ikiingia nitakuwa nimesimama ku bariere, nangalia mikono yake.

Miye mutoto wako wa tatu,
Kasereka