Maneno Niliyompa Sebastiani

Jumatatu, 1 Juni 1987

Wagonjwa wengi kuliko kawaida. Mabomba ni yale yale mawili ya kioo, sindano tano, mbili zimeshakuwa butu. Nimezinoa kwenye jiwe kabla sijafungua mlango. Mafuta ya taa hakuna tangu Pasaka, nachemshia kwa mkaa wa nyumbani kwangu. Saa tano mkaa ukaisha na watu bado wako kwenye benchi. Wa mwisho nimewachoma kwa sindano niliyoisuuza tu kwa maji ya chupa ya chai.

Mwezi uliopita tumezika wanne hapa kijijini. Wote vijana, wote walikonda hadi wakabaki mifupa. Redio inasema ugonjwa huu mpya hupita hata kwenye sindano. Sijui kama umepita kwenye zangu. Sitakuja kujua.

Alhamisi, 4 Juni

Katibu kata amekuja kwa baiskeli. Tarehe 17 watakuja wageni kutoka wilayani kusikiliza maoni ya wananchi. Uchumi uendeshwe vipi, huduma zirekebishwe vipi. Kila mtu aseme anavyoona. Amerudia mara mbili kwamba asiwepo wa kuogopa.

Mwenyekiti wa kijiji ananitaka niseme habari za zahanati. Nimefurahi. Miaka kumi na moja naandika barua kwenda juu, hakuna hata moja iliyojibiwa. Safari hii wenyewe wanashuka.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya ibada watu wamekuja kwetu kupanga la kusema. Mume wangu, Baba Koku, alitoa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilitegemea malalamiko tu. Haikuwa hivyo.

Mzee Kamuhanda, ambaye mibuni yake ni mingi kuliko ya mtu yeyote hapa, anataka wanunuzi wa kahawa wawe zaidi ya mmoja. Anasema mkulima hajui bei mpaka mzigo umeshaondoka. Mama Jeni anataka kamati ya duka la kijiji iwe ya wanawake, maana wanaotembea hadi Kihanga kutafuta chumvi ni wao. Baba Koku anataka mwalimu asiyefundisha wazazi waweze kumkataa.

Sebastiani alisema mwisho. Ni kibarua wetu, lakini neno kibarua halimtoshi. Mama yake alimvusha kutoka Rwanda akiwa mgongoni. Kibanja chake kidogo cha migomba alipewa na marehemu baba mkwe. Mwezi wa nne mvua ilipobeba daraja, tuliandikia wilaya tukangoja. Yeye hakungoja. Alichukua shoka, akapita nyumba kwa nyumba kuita wanaume, siku ya nne lori likapita.

Anasema hivi. Kila kaya itenge debe moja la kahawa, lisipelekwe chama cha ushirika. Kijiji kiuze chenyewe, kinunue dawa na mabomba. Kamati tuichague sisi, ikila tuiondoe sisi.

Kuuza kahawa nje ya chama ni magendo, na magendo ni jela. Mzee Kamuhanda akaweka kibuyu chini.

"Hilo ndilo la kweli," akasema. "Na ndilo lisilosemwa."

Jumatano, 10 Juni

Katibu kata amerudi, safari hii zahanati, wagonjwa wakimtazama. Aliomba kuona nitakachosema. Nilimpa karatasi yangu. Alisoma akiwa amesimama.

"Ndugu muuguzi, habari za sindano ziache. Utatia watu hofu, watakimbia matibabu."

Nilimwambia hofu tayari ipo.

"Mtumishi wa serikali hatoi maoni. Anatoa taarifa kwa wakubwa wake. Wewe unaipenda kazi yako?"

Nilisema naipenda. Ameondoka na karatasi.

Mwanetu Koku yuko sekondari, wadogo zake wawili wako nyuma yake. Mshahara huchelewa, lakini huja. Naogopa. Sina maneno mengine.

Jumapili, 14 Juni

Sebastiani alikuja kung'oa majani kwenye migomba yetu. Nilimfuata huko huko kibanjani. Nikamwambia yote: mabomba mawili, mkaa, siku ile ya maji ya chupa. Nikamwomba ayaseme yeye. Alinirudishia neno kwa neno, kama mtoto wa katekisimu, mpaka yakamkaa.

Nilimuuliza kama haogopi.

"Dada nesi, mimi sina kazi ya kunyang'anywa."

Nilicheka. Yeye pia alicheka.

Jumatano, 17 Juni

Mkutano umefanyika uwanja wa shule. Wageni watatu, gari moja, meza yenye kitambaa. Niandike yote kama yalivyokuwa, hata yangu.

Waliotangulia walikuwa wamepangwa na katibu kata. Walishukuru. Mzee Kamuhanda aliinua mkono, akaanza habari za bei ya kahawa, akaambiwa muda ni mfupi. Mama Jeni alisema kuhusu duka. Mgeni mkubwa alitabasamu, akaandika kidogo.

Kisha Sebastiani akasimama, kofia mkononi. Aliyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. "Nesi wetu ana mabomba mawili. Mgonjwa na mzima wanachomwa kwa bomba moja. Mkaa wa kuchemshia anatoa jikoni kwake. Ukiisha, umeisha." Halafu akaingia kwenye debe la kahawa na kamati. Wanawake walipiga makofi. Mgeni alikuwa anaandika. Sebastiani alipofika kwenye kahawa, mgeni akafunga kalamu.

"Muuguzi yupo?"

Nilisimama.

"Ni kweli anayosema huyu?"

Nilimwona katibu kata. Nilimwona Sebastiani, ametulia, ananingoja. Nikasema: "Vifaa vinatosha kwa sasa. Tunajitahidi."

Nimesema hivyo. Mbele ya kijiji kizima. Mbele ya watu niliowachoma kwa mikono hii.

Katibu kata akamgeukia Sebastiani taratibu. "Hapa tunakusanya maoni ya wananchi. Wewe ni mwananchi wa wapi?"

"Wa hapa. Daraja mlilopitia asubuhi nililijenga mimi na hawa."

Wachache walicheka, si kwa furaha. Mgeni alimuuliza jina la baba yake na mahali alipozaliwa. Hayo aliyaandika.

Ijumaa, 19 Juni

Nimefanya kazi. Watu wananisalimia kama zamani, na hilo ni baya zaidi. Mama Jeni tu amekataa mtoto wake achomwe. Alimbeba akaondoka. Sikumwita.

Jumatatu, 22 Juni

Mgambo wawili wamempelekea Sebastiani barua. Afike wilayani na hati zake za uraia. Hana hati. Ana kipande cha risiti cha miaka ile waliotoka Rwanda walipoambiwa wajiandikishe kuwa raia. Alijiandikisha, akalipa, akaambiwa angoje. Amengoja.

Ameondoka mchana huo huo kwa miguu, risiti ameifunga kwenye kitambaa. Mkewe Veneranda ana mimba ya miezi saba. Alimsindikiza hadi darajani.

Alhamisi, 25 Juni

Hajarudi. Mtu aliyetoka wilayani anasema yuko ndani.

Nimemwambia Baba Koku nitakwenda niseme kwamba maneno yalikuwa yangu. Tumegombana. Ni mtu mpole, leo alipiga meza.

"Mama Koku, wakikufukuza, nani atabaki hapo zahanati? Hayo mabomba mawili nani atayashika?"

Nikamjibu kwamba hata sasa hakuna anayeyashika. Aliyekuwa anayashika alisimama mkutanoni akasema yanatosha.



Jumatatu, 29 Juni

Nimekwenda. Baba Koku alinitafutia nafasi kwenye lori la kahawa, juu ya magunia. Alinipa ndizi za kuchoma na koti lake.

Ofisa wa wilayani ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti. Nikamweleza kila kitu. Nani alimfundisha Sebastiani, kwa nini, na kwamba mkutanoni nilidanganya.

"Kwa hiyo, mama, ulimdanganya mgeni wa serikali?"

"Ndiyo."

"Utaliandika hilo?"

Niliandika kurasa mbili. Niliandika kuhusu siku ya maji ya chupa. Nikatia saini. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Nikauliza kama sasa atatolewa.

Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. Alisema mambo ya mkutano hayahusiani na yule bwana. Hakuna aliyemkamata kwa kusema, kila mtu ana haki ya kusema. Lake ni suala la uraia, ni jalada lingine, na haliko mezani kwake.

Niliomba kumwona. Haikuwezekana. Koti la Baba Koku nimeliacha kwa askari wa zamu, nikamwomba amfikishie. Huko kuna baridi.

Jumanne, 30 Juni

Nimerudi. Nilipita kwa Veneranda kumweleza. Alikuwa anamenya ndizi. Nilipofika mahali niliposema kuwa maneno yalikuwa yangu, alisimamisha kisu.

"Najua. Aliniambia siku ile ile. Alisema usije ukajisumbua."

Akaendelea kumenya.

Ijumaa, 10 Julai

Wamemvusha mto kwenda Rwanda. Ilikuwa Jumanne, yeye na wengine. Dereva wa lori aliwaona nyuma ya gari, wamekaa chini. Anasema Sebastiani alikuwa amevaa koti kubwa.

Huko hajui mtu. Lugha ya mama yake anaisema kama sisi tunavyoisema, yaani vibaya.

Nimemchukia katibu kata wiki nzima. Leo chuki imechoka. Yeye aliuliza swali moja. Mimi nilijibu moja.

Jumatano, 22 Julai

Sanduku limefika kutoka wilayani. Mabomba ishirini, sindano pakiti mbili, jiko la mafuta na dumu lake. Katibu kata alilileta mwenyewe na kulifungua mbele ya wagonjwa. Akasema serikali imesikia maoni ya wananchi. Watu walipiga makofi. Bibi mmoja alinishika mkono, akanishukuru kwa kwenda kuwasemea.

Ndani ya sanduku lile lile kulikuwa na bahasha yangu. Onyo kali. Nikirudia kutoa taarifa za uongo, nitafukuzwa kazi. Na karatasi ya kubandika ukutani, muhtasari wa mkutano. Wananchi wa kijiji hiki wameridhika na huduma. Wananchi wataongeza juhudi katika kilimo. Wananchi wanaomba mabomba. Hakuna kahawa, hakuna kamati, hakuna jina lake.

Nimeibandika. Nimetakiwa kuibandika.

Jioni nilikaa na mabomba ishirini mezani, nikayagusa moja moja. Ni mazuri. Nilitaka kuyavunja, nikaona upuuzi. Kesho kuna watoto.

Alhamisi, 30 Julai

Mama Jeni amemleta mtoto. Nilimwonyesha bomba jipya kabla ya kumchoma. Alitazama bomba, hakunitazama mimi. Lakini amekuja.

Jumapili, 9 Agosti

Tulipotoka kanisani, Mzee Kamuhanda alikuwa mlangoni kwa Veneranda na debe la kahawa kavu. Mchana kweupe, njiani watu wanapita. Amelimimina kwenye gunia, akamwambia hili ni la nyumba hii, na debe la pili litakuwa la zahanati, apendaye akamshtaki. Baba Koku alirudi nyumbani, akapima letu. Mpaka jioni gunia lilikuwa limejaa na la pili limeanza.

Sijui tutaliuzaje. Hakuna aliyeuliza. Kamati imechaguliwa pale pale, watu watano, wanawake watatu. Mimi nimekataa kuwemo. Nimesema niwekwe upande wa wanaokaguliwa na kamati.

Katibu kata alipita kwa baiskeli. Hakushuka.

Jumanne, 11 Agosti

Veneranda amejifungua alfajiri, kabla ya wakati wake. Wa kike, mdogo, analia vizuri. Damu ilikuwa nyingi kwa muda, kisha ikakata. Nilimpa mama chai na uji, akalala.

Fomu ya kizazi nimeijaza baada ya kunawa. Jina la mtoto bado. Jina la mama. Jina la baba, Sebastiani. Kazi ya baba, mkulima. Sehemu inayofuata inauliza uraia wa baba.

Nilikaa nayo kidogo. Nje walikuwa wameshaanza kukaa kwenye benchi, nawasikia wakiongea pole pole.

Nimeandika Mtanzania. Chini, mahali pa mtoa taarifa, nimeandika jina langu lote na cheo, kwa herufi kubwa zinazosomeka, nikatia saini. Fomu zitachukuliwa Ijumaa pamoja na nyingine.

Mtoto amelala. Nimefungua mlango.