Mama Mkwe Amebeba Boha Yangu

Malindi, Jumapili usiku

Na bado sijamshukuru.

Mzee wa kanisa alisimama ibadani akauliza ni nani aliyepika boha, ile pombe ya miwa iliyowalaza watu kwenye shamba la ujamaa. Nilipika mimi, na mzee huyo alikunywa kuliko wote. Aliyetengwa na kanisa haruhusiwi kubatizisha mtoto, na mwanangu anabatizwa Jumapili ijayo.

Mama mkwe akainuka. "Ni mimi."

"Mama, wewe hata sufuria huwezi kuinua," mzee akasema.

"Basi andika kwamba niliinua."

Akatengwa. Hatashiriki meza ya Bwana hadi Pasaka ipite. Tangu utoto naimba kwamba mmoja alibeba dhambi za wengine. Sikutegemea awe mwanamke anayesema makande yangu hayaivi.

Jioni nilimuuliza sababu.

"Mkate wao haushibishi," akasema. "Mtoto abatizwe."

Naogopa nitalipia wokovu huu mpaka nife. Yesu alipaa akaniacha nipumue. Huyu yuko chumba cha pili, na sasa hivi ameita apelekewe maji ya kunawa miguu.

Nimeyapasha moto, nikamwosha mwenyewe. Akasema yamezidi joto.