Mdudu Aliyesingiziwa

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kuwadanganya wenzako kuwa ni vumbi? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo hauna shida.

Nikupe habari za Baba Mdogo, maana roho yangu haijatulia tangu alipozichoma mbao za marehemu Baba. Zile alizomwekea Mama za milango ya nyumba yake, Kaka! Baba Mdogo alimwonyesha Mama kidudu, akaapa ndicho kinachozitafuna. Mama akaamini. Mpaka leo mlango wetu ni pazia.

Mimi nilikificha kimoja ndani ya kiberiti. Ni kidogo kama punje ya mchele, chekundu, mgongoni kina mistari myeusi na myeupe, kina vinyweleo, na ukikitazama kwa haraka utadhani siafu. Nikampelekea bwana misitu. Akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akacheka. Kumbe hakili mbao hata chembe! Kinawala wadudu wanaotoboa mbao, na watoto wake huwafuata mpaka ndani ya matundu. Na watoboaji hao walikuwa kwenye mbao mbichi za bei poa alizozirundika Baba Mdogo kando ya zetu, za kuundia vitanda kwenye karakana yake.

Nilirudi tayari kumuumbua. Nikamkuta anafoka, eti uchafu wa Baba umehamia stoo yake, na kwa kuwa dawa ni ghali, niwaponde wale wekundu mmoja mmoja. Kaka, nilifunga mdomo. Nikaitikia kwa adabu, nikavua kandambili, nikaponda. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo namna ile. Akanisifu mbele ya mafundi wake wote.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sasa mbao zake zinamwaga unga, na vitanda vya wateja havishiki msumari. Jana alinijia, sauti imelainika.

“Mwanangu, hivi hakuna kinachowaua hawa?”

“Kipo, Baba Mdogo. Ni kile ulichoniambia nikiponde.”

Akaketi juu ya rundo lake, akalia. Nami nikasimama palepale, nikamwangalia mpaka akamaliza.

Mama anataka nimsamehe. Bado, Kaka. Kwanza niache nifurahi.

Msalimie Wifi, na yule mtundu wenu mbusu shavu. Mungu akulinde na watu wa damu yako wenye roho ya Baba Mdogo.

Wako akupendaye bila kupoa,
Kitinda mimba wenu