Chuma Katika Ini la Maman

Liège

Yaya Nsimire, mkubwa wangu,

Ini la mafuta ni ini ambalo seli zake zimehifadhi mafuta kupita kiasi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe ya kasiksi. Naitanguliza maana hiyo kabla ya salamu kwa sababu uliniambia kwamba, tangu mama yetu aambiwe ana ini la mafuta, majirani wanamshuku kwamba anakunywa kwa siri. Hanywi. Sasa nikusalimu: magoti yako bado yanakuruhusu kupanda mlima wa Kadutu? Watoto wanasoma? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Mafuta peke yake ini linaweza kuyavumilia miaka mingi. Kinacholiharibu ni uvimbe: seli za ulinzi hulivamia, hulishambulia na kuliachia makovu. Tulizoea kuutafuta mwanzo wa uvimbe huo katika mafuta yenyewe. Siku hizi, katika maabara ninamofanya kazi, tunachunguza chembe nyekundu za damu. Kwa panya waliolishwa mafuta mengi, chembe hizo huchakaa kabla ya wakati, hunasa ndani ya ini, na seli za ulinzi huzimeza. Kila inayomezwa huacha chuma chake humo, na chuma kikizidi huuchochea uvimbe.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kila mgeni anayekuja kumtazama Maman analeta soda za sucré na chupa ya sirop ya damu, ile dawa yenye chuma, niliacha sahani mezani. Nilimpigia simu, nikamwomba aiache sirop. Unakumbuka jibu lake, nawe ukicheka nyuma yake:

"Weye uko docta ya panya. Mi siko panya! Damu inapunguka, unanikatalia dawa ya damu? Njo bale bazungu banakufundishaka vile?"

"Maman, ngoja kwanza bapime chuma."

"Bapime na nini? Labo ya hospitali haina dawa ya kupima. Na Maman Chantal akikuja na sirop yake, nimufukuze?"

Nilicheka pia. Kisha nikakaa mbele ya hadubini bila kuiwasha, kwa maana hakukosea. Ikiwa weupe wa ndani ya kope zake, dalili ya damu kupungua, unatokana na upungufu wa chuma, kumnyima sirop ni kumdhoofisha. Ikiwa unatokana na chembe zinazofia ndani ya ini, kumpa sirop ni kulichoma zaidi. Kipimo kimoja kingetusaidia kutofautisha, nacho huko hakipatikani. Kuja mwenyewe pia siwezi: ndege hazitui tena kwenye uwanja wa Kavumu, na hati zangu za ukaazi bado ziko ofisini; nikitoka huku, siruhusiwi kurudi.

Sucré wape watoto wa jirani. Hilo nina hakika nalo, kwa kuwa sukari hugeuka mafuta katika ini. Zaidi ya hapo sina la kukushauri, Yaya, wala sitakuandikia matumaini nisiyokuwa nayo. Sauti ya Maman imekuwa nyembamba, nawe umeisikia.

Nisalimie mjomba wetu, tonton Cito, anayewaletea mchele wa Luberizi, na Maman Chantal, jirani yetu, ambaye simlaumu. Analeta kile ambacho kila mtu huko humpelekea mgonjwa.

Nimeziona chembe zikimezwa, lakini ndani ya panya. Katika ini la mama yetu, je, damu ndiyo inayoliwasha ini, au ini lililokwisha kuungua ndilo linaloimeza damu? Na ikiwa mimi sijui, nani amwondolee chupa mkononi?

Mdogo wako,
Bisimwa