Shangazi, Jaji Alikuwa wa Kweli

Mpendwa Shangazi,

Hatukuwa damu moja. Wewe ulikuwa Mmarekani mweusi uliyejifunza Kiswahili chuoni, mimi Mkenya niliyetumwa na ajensi kukuhudumia uzeeni, nyumbani kwako Beltsville, Marekani. Siku ya kwanza ulinikataza kukuita "madam". "Niite Shangazi," ukasema, nami nikafurahi kama mtoto.

Nilipokuwa nakupaka mafuta miguuni ulinisimulia habari za baba mzazi wa nyanya yako. Alizaliwa mtumwa, akajifunza sheria huku akifagia ofisi ya wakili, na vita vilivyokomesha utumwa vilipokwisha akateuliwa jaji wa mahakama kuu ya jimbo lao. Aliapa akiwa ameshika Biblia ya mama yake, mama ambaye hakujua kusoma. Akahukumu kesi miaka michache, kisha wenye chuki wakamng'oa.

"Sawa, Shangazi," nilikuwa nakujibu. "Kunywa chai kwanza."

Sikukuamini. Nilichobeba kutoka shuleni ni kwamba watu weusi wa huku karne ile walikuwa watumwa, basi. Jaji atoke wapi? Kwa hiyo kila jioni, kwenye fomu ya siku ambayo ajensi ilimtumia mwanao, palipoulizwa hali ya akili yako, nilitia tiki: amechanganyikiwa. Nikajiona mfanyakazi makini.

Tiki zilipozidi, mwanao, anayeishi Herndon, akakuhamishia kwenye makao ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Nilikuja kukuona mara moja tu. Nikakuuliza habari za jaji, nikidhani nakuchangamsha. Ukamtupia jicho mhudumu, ukaninong'oneza, "Hapa sizungumzi hayo. Wataandika."

Siku ya mazishi yako, kwenye kijitabu cha ibada, nikamwona pichani: mzee wa ndevu, amevaa joho la jaji. Mwanao akaniuliza, "Mama alikusimulia habari za jaji wetu?"

"Karibu kila siku," nikasema.

Akatabasamu. Habari za jaji huyo alizijua tangu utotoni. Laiti ningeandika maneno yako badala ya tiki, angecheka na kunisahihisha, nawe ungefia kitandani kwako.

Naona aibu, Shangazi. Uliniita mpwa, mimi nikakukatia hukumu huku nakumiminia chai. Mwanao bado hajui kwamba tiki zile nilizitia kwa sababu ya jaji. Jumapili nikitoka kanisani nitakwenda Herndon, nimwambie palepale mlangoni, kabla hajanikaribisha ndani.

Pumzika. Akili zako zilikuwa timamu.

Mpwa wako wa Beltsville